Je, wajua? Filamu za kwenye skrini hazirekodiwi kutoka kwenye skrini

Ukitazama Searching, filamu ya taharuki ya mwaka 2018 kuhusu baba anayemtafuta binti yake kwa kupekua kompyuta, ambayo hadithi yake yote inaonekana ndani ya skrini ya kompyuta, unaweza kudhani kazi ilikuwa nyepesi: mtu kafungua laptopu, kawasha programu ya kurekodi skrini, kabofyabofya saa moja na nusu na ushee, kisha kapeleka sinema. Sivyo. Madirisha, vitufe, ujumbe, hata mshale wa kipanya, vilijengwa upya kipande kwa kipande na kusogezwa na wahariri. Kwa utengenezaji wake, filamu ile iko karibu na katuni kuliko mchezo wa kuigiza. Waigizaji walipigwa picha kwa siku 13 tu. Uhariri ulikula zaidi ya mwaka mzima. Kwa nini wajitese hivyo ilhali programu ya kurekodi skrini ni ya bure?

Tuanze na pikseli, yaani nukta ndogo ndogo zinazounda picha. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ukiirekodi yote na kuionyesha yote, picha ni safi. Lakini hakuna mtu atakayekaa dakika mia akitazama skrini nzima bila kuongozwa macho. Lazima umsogeze: sasa kwenye kisanduku cha ujumbe, sasa kwenye jina la faili, sasa kwenye saa iliyo pembeni. Ukikuza eneo moja mara nne, unabaki na pikseli 480 kwa 270 zinazotandazwa kujaza ukumbi wa sinema. Herufi zinaingia ukungu na kingo zinakuwa ngazi. Dawa yake ni kuchora kila kitu kwa vekta, yaani michoro ambayo kompyuta huikokotoa upya kila ukubwa unapobadilika, hivyo hata ukikaribia kiasi gani herufi hubaki kali.

Sababu ya pili ni muda, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa. Ukirekodi skrini, kila kitu kinagandana kwenye tabaka moja. Tuseme mhusika anaandika, na katikati ya sentensi inaingia arifa ya simu isiyopokelewa. Kwenye chumba cha uhariri unagundua arifa ingefaa kuchelewa nusu sekunde, baada ya neno fulani kukamilika. Kwenye rekodi huwezi kuigusa bila kuvuruga uandishi uliokuwa ukiendelea chini yake. Vitu vikiwa kwenye matabaka tofauti, unaisogeza arifa peke yake. Taharuki nzima imejengwa juu ya nusu sekunde za namna hiyo.

Hapo ndipo mshale wa kipanya unapogeuka mwigizaji. Katika filamu ya kawaida mtu akisita tunaona macho na midomo yake. Hapa uso mara nyingi haupo. Mshale ukienda moja kwa moja kwenye kitufe, mwenye mkono ana uhakika. Ukikaribia, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, anaogopa. Ukitangatanga juu ya picha bila kubofya, anakumbuka. Kwa hiyo mhariri hauburuti kwa mwendo sawia kwenye mstari ulionyooka. Mkono wa binadamu huanza polepole, hukimbia katikati, hupunguza kasi mwishoni, na mara nyingi hupitiliza shabaha kidogo kabla ya kujirekebisha. Ukiukosa huo upitilizaji mdogo, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila atahisi kwamba hakuna mtu nyuma ya kompyuta ile.

Uandishi nao una mapigo yake. Mchapaji mzoefu hutoa herufi tano hadi saba kwa sekunde, lakini si kwa kufuatana kama saa. Nenosiri analolijua hulifyatua kwa mkupuo mmoja. Jina la mtu aliyekufa huliandika polepole. Na ujumbe ulioandikwa kisha ukafutwa ndio silaha kali kuliko zote za aina hii ya filamu. Kuna mahali katika Searching ambapo baba anamwandikia binti kwamba anajivunia, anaongeza maneno ya kumtaja mama aliyefariki, anayatazama, kisha anayafuta. Wakati huo binti hayaoni; sisi tumeyaona. Jukwaani mhusika angegeukia hadhira na kusema yaliyo moyoni. Hapa kitufe cha kufutia kimefanya kazi hiyo bila sauti hata moja. Mwanzoni mwa filamu hiyo hiyo, siku ya mama kurudi nyumbani kutoka hospitali imewekwa kwenye kalenda ya kompyuta; inasogezwa mbele, na baadaye inafutwa. Mtazamaji anajua kilichotokea. Hakuna aliyelia mbele ya kamera.

Kwa sababu kila kitu kinategemea mahali madirisha yalipo, mpangilio wa kazi unapinduliwa: uhariri hutangulia upigaji picha. Wahariri wa Searching, Will Merrick na Nick Johnson, waliajiriwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kamera. Walitengeneza rasimu ya filamu nzima kwa picha za skrini zilizounganishwa, huku mwongozaji Aneesh Chaganty akiigiza sehemu za wahusika wote. Rasimu hiyo ndiyo waliyotazama watu wa kamera na waigizaji kabla ya kuanza. Bila hiyo, mwigizaji John Cho asingejua aangalie wapi.

Suala la macho hilo huwaangusha wengi, kwa hiyo tulieleze vizuri. Kamera ya laptopu iko juu ya skrini. Mtu akisoma ujumbe ulio kona ya chini upande wake wa kulia, macho yake yanashuka huko. Programu nyingi za simu za video hukuonyesha picha yako mwenyewe kama kioo, kwa hiyo mhusika akijitazama kwenye dirisha lake, macho yake yanaelekea upande ule ule ambako dirisha la ujumbe lipo, na mtazamaji anaunganisha mambo bila kufikiri. Lakini yule wa upande wa pili huipokea picha isiyogeuzwa: macho yanaenda kushoto, na maandishi ya kwenye fulana yanasomeka sawasawa. Ukisahau kuligeuza dirisha moja, mhusika ataonekana anakodolea ukuta. Tiba ni kubandika vipande vya karatasi vya rangi kwenye skrini tupu kabla ya kupiga picha, kila rangi ikiwa dirisha moja, na kumwambia mwigizaji: sasa njano, sasa bluu.

Kamera yenyewe isiwe ya laptopu, ingawa filamu inajifanya ni ya laptopu. Searching ilitumia kamera ndogo za GoPro, miongoni mwa nyingine, zikisimama mahali pa kamera ya kompyuta. Rekodi safi, kisha ichafue baadaye: punguza rangi, ongeza chengachenga, igandishe kidogo pale mtandao unapotakiwa kusuasua. Picha safi inaweza kuchafuliwa kwa kiasi unachotaka. Iliyozaliwa chafu haisafishiki. Sauti ni vivyo hivyo. Laini ya simu ya kawaida hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3400, na ukikata sauti ya mwigizaji hapo, masikio yanaamini papo hapo kwamba ni simu. Ila ukiendelea nayo dakika nzima maneno yanachosha. Kata kwa ukali sekunde chache za mwanzo, kisha legeza taratibu. Sikio limeshakubali na halitadai tena.

Mtindo huu haukuanza na Searching. Unfriended ya Levan Gabriadze, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2014, ilikwenda kwa muda halisi: hadithi nzima ni mazungumzo ya Skype ya vijana usiku mmoja. Aliyetayarisha filamu zote mbili ni Timur Bekmambetov, aliyeuita mtindo huu Screenlife na kuuwekea masharti matatu: tusitoke nje ya skrini, muda uwe ule wa mhusika, na kila sauti iwe na chanzo ndani ya kompyuta. Searching ilivunja sharti la pili na la tatu, kwa kuwa inaruka siku na ina muziki wake. Tunaona ilifanya vyema. Filamu ya upelelezi inahitaji siku kadhaa ili uongo uweze kuoza na kutoa harufu; muda halisi unafaa zaidi kwa vitisho.

Na vitisho ndivyo vilivyofanya Host ya Rob Savage itambe Julai 2020, wakati Uingereza ikitoka kwenye amri ya kukaa ndani. Haifiki saa moja, na ilikamilika kwa takriban wiki 12 tangu wazo lilipozaliwa. Waigizaji walikuwa kila mmoja nyumbani kwake, wakijiwekea taa na kamera wenyewe. Mwaka huo huo, huko Kerala, jimbo la India, Mahesh Narayanan aliongoza C U Soon, filamu ya Kimalayalamu iliyopigwa kwa simu ya iPhone, kuhusu mwanamke aliyetoweka katika Falme za Kiarabu na jamaa wa India anayefuata nyayo zake mtandaoni.

Hadithi ya namna hiyo inaleta kosa ambalo huwatokea hata waangalifu: saa ya kona ya skrini. Kati ya Dubai na Kerala kuna tofauti ya saa moja na nusu. Ujumbe uliotumwa Dubai saa 3:00 usiku lazima ufike kwenye simu ya Kerala ukiwa na alama ya 22:30. Katika filamu ya upelelezi, mtazamaji makini atasimamisha picha na kupiga hesabu, na akikuta kasoro ataichukua kuwa kidokezo cha muuaji. Kwa hiyo tengeneza jedwali: kila onyesho, saa ya ndani, asilimia ya betri, idadi ya ujumbe usiosomwa, madirisha yaliyobaki wazi nyuma. Kwa filamu ya Kiswahili ongeza safu moja zaidi. Mhusika atasema “saa tatu usiku” huku simu ikionyesha 21:00. Sisi hatushtuki, lakini mfasiri wa manukuu (maandishi ya chini ya picha) asiyejua saa zetu ataandika saa nyingine kabisa, na fumbo lako litakufa kwa mtazamaji wa nje.

Kuna kosa jingine la kudumu: maandishi kupita kabla hayajasomwa. Watengenezaji wa manukuu hukadiria takriban herufi 15 hadi 20 kwa sekunde. Ujumbe wa herufi 60 unahitaji sekunde tatu au nne, na hapo ni baada ya jicho kuupata. Usiweke mtu anazungumza kitu kimoja huku skrini ikionyesha maandishi tofauti. Ubongo utachagua kimoja na kupoteza kingine. Pia ijaribu filamu yako kwenye simu, si kwenye skrini kubwa ya uhariri. Wengi wataitazama kwenye kioo cha kiganjani, na herufi ulizoziona vizuri pale mezani zitakuwa sisimizi.

Anayetaka kujaribu filamu ya dakika tano bila mafundi wa vekta ana njia ya mkato. Fungua ukurasa kwenye kivinjari, ukuze hadi asilimia 200 au 300 humo humo ndani ya kivinjari, ndipo upige picha mnato ya skrini. Herufi zitakuwa zimechorwa kubwa tangu mwanzo. Kata kila kipande peke yake: dirisha, kitufe, kisanduku cha kuandikia, mshale. Viweke kwenye matabaka ndani ya programu ya uhariri na uvisogeze. Kwa picha za ujumbe wa simu, fanya mazungumzo ya kweli kati ya simu mbili zako, kisha piga picha ya kila hatua, pamoja na pale panapotokea “anaandika” kisha pakanyamaza bila ujumbe kuja. Kila mwenye simu anaijua tumbojoto ya hapo. Namba za simu usibuni ovyo, kwani namba ya kubuni inaweza kuwa ya mtu. Wamarekani wamejitengea 555-0100 hadi 555-0199 kwa kazi za kubuni, na kwingine ni salama zaidi kutumia laini unayoimiliki mwenyewe au kuificha namba nyuma ya jina. Ujumbe wa malipo ya simu ni hazina kwa mwandishi wa fumbo, maana unabeba jina, kiasi, tarehe na saa kwa mistari michache, na jina lililosajiliwa mara nyingine si lile mtu alilojitambulisha nalo.

Jaza kurasa zote hadi pembeni, hata zisizosomwa. Ndani ya Searching, vichwa vya habari na maoni yaliyo nyuma ya tukio kuu vinasimulia hadithi nyingine nzima ya viumbe kutoka anga za juu wakiivamia dunia, na watazamaji wengi waliigundua kwa kurudia. Ujazaji huo una kazi yake: ukurasa ukiwa na mambo mengi ya kweli, kidokezo halisi kinaweza kulala wazi mbele ya macho ya kila mtu bila kuangaza.

Mwaka wa hadithi nao uamuliwe mapema na usibadilishwe, kwa kuwa vitufe na aikoni hupitwa na wakati haraka kuliko nguo na magari. Programu ikisasishwa katikati ya uhariri, kubali kubaki na sura ya zamani. Filamu hiyo ya baba na binti inafunguka na kilima cha kijani cha Windows XP, picha ambayo Charles O'Rear aliipiga California mwaka 1996. Maandishi ya kutaja mwaka hayahitajiki. Aliyewahi kuwasha kompyuta ya zama zile anajua mara moja kwamba mtoto bado mdogo na mama bado yu hai.