Alex Morgan: yanayosemwa mtaani na yaliyotokea uwanjani

Tarehe 2 Julai 2019 naikumbuka vizuri, kwa sababu usiku wa jana yake Taifa Stars walikula 3 za Algeria kule AFCON Misri, na muda huohuo Harambee Stars nao wakala 3 za Senegal, yani tuliamka Wabongo na Wakenya wote sura za msibani. Sasa usiku pale kibanda umiza watu hawataki hata kusikia AFCON, mwenye banda akaweka nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Marekani na Uingereza, inapigwa Lyon. Dakika ya 31 inakuja krosi kutoka kushoto, dada mmoja kafunga kitambaa cha pinki kichwani anaruka, kichwa, wavuni, halafu anaenda kujifanya anakunywa chai kidole kimejikunja. Jirani yangu anasema "si yule wa matangazo huyu?"

Huyo dada ndo Alex Morgan, mshambuliaji wa Marekani, na shida yake ndo hiyo. Watu wengi walimjua kwenye bango kabla ya kumjua kwenye mechi, kwa hiyo kila kinachosemwa juu yake kinaanzia kwenye bango. Ngoja tuyapitie.

Tuanze na hili la "sura tu, mpira wa kawaida". Jamani. Huyu ametoka timu ya taifa na mechi 224 na mabao 123, sura haifungi mabao 123. Mwaka 2008 kule Chile kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 alifunga fainali dhidi ya Korea Kaskazini, goli la kukokota mpira mwenyewe, likachaguliwa goli bora la mashindano. Wenzake wakubwa timu ya taifa walimpa jina la Mtoto wa Farasi kwa jinsi anavyokimbia, miguu mirefu kama bado inajifunza kazi ila ukimfukuza humpati. Mpira wake ulikuwa ule wa kuviziavizia mgongoni kwa beki, anachomoka kabla pasi haijapigwa, na mguu wa kushoto ndo silaha yenyewe.

Na mwaka 2012 peke yake alifunga mabao 28 akatoa asisti 21. Kabla yake Mmarekani aliyewahi kupita 20 na 20 ndani ya mwaka mmoja ni Mia Hamm tu. Mwaka huohuo ndo ile nusu fainali ya Olimpiki na Kanada pale Old Trafford, Christine Sinclair wa Kanada kapiga hat-trick yake, 3-3, dakika 120 zimeisha watu wanawaza penalti, dakika ya 123 Heather O'Reilly anatia krosi na Morgan anapiga kichwa, 4-3. Wakanada mpaka leo wakimuongelea refa wa ile mechi utadhani ilichezwa jana.

Halafu kuna wanaopitiliza upande wa pili, eti ndo mfungaji bora wa Marekani wa muda wote. Hapana bana. Juu yake kuna Abby Wambach mwenye 184, Mia Hamm 158, Carli Lloyd 134 na Kristine Lilly 130, yeye ni wa tano. Sio aibu, ila tusimpe kisicho chake.

"Alilelewa kwenye akademi toka mtoto, Wamarekani wana hela." Hela wanazo, ila huyu alikulia Diamond Bar, California, akicheza michezo kibao, mpira ukiwa mmojawapo tu, na timu ya klabu yenye ushindani alijiunga akiwa na miaka 14. Umri huo kwa Ulaya wengi washachujwa mara mbili. Baada ya hapo ni chuo, Berkeley, mpaka 2010. Kombe la Dunia 2011 Ujerumani alienda akiwa mdogo kuliko wote kikosini, anatokea benchi, na kwenye fainali na Japan aliingia akafunga, kisha akampa Wambach pasi ya la pili muda wa nyongeza. Wakafungwa kwa penalti, sawa, lakini bao na asisti kwenye fainali ukitokea benchi sio mchezo.

Sasa Thailand. Hii inasemwa sana: "mabao yake ya 2019 aliyapata kwa wanyonge." Hapa nitakuwa mkweli kwa sababu wanaosema hivyo hawajakosea sana. Alimaliza na mabao 6, na 5 kati ya hayo ni ile 13-0 ya Thailand. La sita ndo hilo la kichwa na Uingereza. Ukiishia kwenye karatasi unaweza kusema alipotea. Ila waliokaa wakaangalia wanajua raundi ya 16 na Hispania alipigwa viatu mechi nzima, na kwenye fainali na Uholanzi lile goli la kwanza la penalti la mwenzake Megan Rapinoe linatokana na beki Stefanie van der Gragt kuinua mguu juu kumpiga Morgan, VAR ikaangalia, penalti. Kiatu cha dhahabu nacho kuna anayedhani alidhulumiwa, hakudhulumiwa, yeye na Rapinoe wote walikuwa na 6 na asisti 3, Rapinoe alicheza dakika chache zaidi, kanuni ndo inasema hivyo.

Na ile chai, Waingereza walichukia wakasema anadhihaki utamaduni wao. Mwenyewe alieleza kwamba chai kwa misemo ya kwao ni kama kupiga umbea, kutoa habari. Mimi bado naamini kulikuwa na uchokozi kidogo ndani yake, siku ya bethidei yake, anatimiza 30, nani asingechokoza.

Tuje kwenye la hela maana hili ndo limepotoshwa kuliko yote. Utasikia "walishinda kesi mahakamani wakalipwa sawa na wanaume". Haikuwa hivyo kabisa. Mwaka 2016 wachezaji watano, Morgan akiwemo, walipeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Tarehe 8 Machi 2019, Siku ya Wanawake, wachezaji 28 wakalishtaki shirikisho lao, US Soccer. Na Mei 2020 jaji akaitupa sehemu ya mishahara, kasema wanawake walikubali wenyewe mkataba wa aina nyingine, wenye mshahara wa uhakika, wakati wanaume wanalipwa bonasi kwa mechi, na ukipiga hesabu ya miaka ile wanawake walipokea zaidi. Wachezaji wakajibu kwamba walipokea zaidi kwa sababu walishinda kila kitu, wanaume wangeshinda vile wangekuwa matajiri. Wakakata rufaa, na Februari 2022 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 24, milioni 22 za wachezaji na milioni 2 za mfuko wa kuwasaidia baada ya kustaafu na kukuza mpira wa wanawake. Kwa hiyo mahakama haikuwapa ushindi, waliupata mezani.

Kilichobadilisha mambo hasa ni mikataba mipya ya Mei 2022, na hapa ndo pa kuelewa. FIFA kwenye Kombe la wanaume 2018 ilitoa dola milioni 400, mabingwa Ufaransa wakachukua 38. Kombe la wanawake 2019 jumla ilikuwa milioni 30, Marekani mabingwa wakapata 4. Pengo hilo US Soccer haiwezi kuilazimisha FIFA izibe. Wakakubaliana hela za Kombe la Dunia za timu zote mbili zitiwe chungu kimoja, shirikisho lichukue sehemu yake, kinachobaki kigawanywe sawasawa. Qatar 2022 wanaume wakafika 16 bora, zawadi milioni 13, na kina Morgan wakiwa nyumbani kwao kwenye kochi wakaingiza kutoka hapo kuliko zawadi ya kuwa mabingwa wa dunia 2019. Ukiwa mwanaume wa timu ile ukasaini hiyo karatasi unastahili saluti.

"Spurs alienda akafeli." Alimzaa mwanae Charlie tarehe 7 Mei 2020, akasaini Tottenham Septemba, akaanza kucheza Novemba. Mama wa miezi sita! Alifunga mabao 2, yote ya penalti, akarudi zake Marekani. Alienda kutafuta pumzi ya mechi akaipata. Ukitaka kupima Ulaya yake nenda 2017, nusu msimu klabu ya Lyon, akaondoka na ligi, kombe la Ufaransa na Ligi ya Mabingwa, ingawa fainali ya Cardiff aliumia akatoka mapema.

Na wale wa "akishazaa basi", yani hawa hata sijui niwaanzie wapi. Mwaka 2022, miaka miwili baada ya kujifungua, aliifungia San Diego Wave mabao 15 akawa mfungaji bora wa NWSL, ligi ya wanawake ya Marekani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya mtoto hajawahi kuipata hiyo tuzo.

Mwisho kuna hii ya kwamba alistaafu kwa hasira ya kutemwa Olimpiki ya Paris. Kutemwa alitemwa, kocha Emma Hayes alimuacha Juni 2024, na kiukweli ukiangalia kiwango huwezi kumlaumu kocha, Kombe la Dunia 2023 Morgan hakufunga hata moja na penalti yake na Vietnam ilidakwa. Vijana wakaenda wakarudi na dhahabu. Lakini kinachouma kidogo ni kwamba tiketi ya Paris yenyewe aliikata yeye, Julai 2022 pale Monterrey, fainali ya kanda yao ya CONCACAF (Amerika Kaskazini, Kati na Karibi), 1-0 na Kanada, penalti ya Morgan dakika ya 78. Na alipotangaza kustaafu Septemba alisema pia ana mimba ya mtoto wa pili, kwa hiyo hesabu ilikuwa pana kuliko Paris.

Tarehe 8 Septemba 2024 wakampa mechi ya kuaga, San Diego, na North Carolina Courage. Mapema tu ikapatikana penalti, uwanja mzima umesimama, akapiga, kipa Casey Murphy akadaka. Dakika ya 13, namba ya mgongoni mwake, mchezo ukasimama, akakaa chini katikati ya uwanja akavua viatu vyake, akatoka anatembea na soksi. Wave walifungwa 4-1 siku hiyo.