Uhakiki wa kitabu si tangazo la kulipiwa

Hapa Unguja, mchapishaji wa chuo kikuu akisambaza habari kwamba kitabu chake kimehakikiwa, wapo wanaosema mara moja: "Wamejisifu wenyewe." Sivyo.

Kwa kawaida mchapishaji hutuma nakala ya bure kwa jarida la kitaaluma, na mhariri wa jarida ndiye anayemchagua mhakiki. Mara nyingi mhakiki halipwi na yeyote. Anabaki na kitabu, basi. Yuko huru kukikosoa, na wengi hukosoa kwelikweli: ushahidi ulioachwa, nyaraka ambazo hazikusomwa, wazee ambao hawakuhojiwa. Anachofanya mchapishaji ni kuchagua maneno ya kunukuu, na hapo ndipo msomaji anapotakiwa kuwa macho. Tafuta uhakiki wenyewe, uusome wote.

Tena huu si ule usomaji wa kabla ya kuchapa, ambapo mswada hupitiwa na wataalamu wa nje na unaweza kukataliwa.

Jambo hili linatuhusu sana Wazanzibari. Kitabu cha mwanahistoria Laura Fair, Pastimes and Politics, kinachozungumzia mavazi, taarab ya Siti binti Saad na mpira wa miguu katika mitaa ya Ng'ambo, kilitolewa na Ohio University Press mwaka 2001. Ni historia yetu hiyo. Sisi ndio wa kwanza kustahiki kusema wapi mwandishi kapatia na wapi kakosea, na anayetaka kuhakiki anaweza kumwandikia mhariri wa jarida akajitolea, awe Vuga au Chake Chake.