Kwa nini J. D. Salinger aliacha kuchapisha ilhali aliendelea kuandika?

Mwaka 1951 Mmarekani J. D. Salinger alitoa riwaya iitwayo *The Catcher in the Rye*. Ni kisa cha Holden Caulfield, kijana aliyefukuzwa shule akawa anatangatanga jijini New York, akisimulia mwenyewe kwa lugha ya vijana wa rika lake, matusi yakiwemo. Baadhi ya shule za Marekani ziliipiga marufuku, nyingine zikaifanya kitabu cha kiada. Nakala zaidi ya milioni 65 zimeuzwa.

Mwaka 1953 Salinger alihamia Cornish, mji mdogo wa mashambani huko New Hampshire. Baada ya hadithi yake ya Juni 1965 katika jarida la The New Yorker, hakuchapisha tena hadi alipofariki mwaka 2010, akiwa na miaka 91.

Wapo wanaodai alichukia watu. Mimi sikubali. Alipofika Cornish aliwakaribisha nyumbani wanafunzi wa sekondari, wakapiga soga na kusikiliza santuri. Msichana mmoja akamhoji kwa ajili ya ukurasa wa wanafunzi katika gazeti la huko. Gazeti likayaweka mahojiano kwenye ukurasa wa maoni ili wote wayaone. Salinger aliona amesalitiwa. Akawaepuka vijana wale, akazungusha uzio mrefu.

Naamini jeraha lenyewe lilianzia katika Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 6 Juni 1944 alishuka na wanajeshi wenzake katika ufuo wa Utah, Normandy, nchini Ufaransa. Akapigana kwenye msitu wa Hürtgen, ambako kikosi chake kilipoteza watu wengi mno, kisha akaishuhudia kambi ya mateso iliyokuwa tawi la Dachau, kambi kubwa ya Wanazi nchini Ujerumani. Mwaka 1945 alilazwa hospitalini Nuremberg, akili imechoka. Muda wote huo alikuwa akiandika habari za Holden. Kwa mtu wa namna hiyo, kuandika kulikuwa tiba, na umaarufu ukaja kuivuruga.

Mwenyewe aliliambia gazeti la The New York Times mwaka 1974 kwamba kutochapisha kunampa amani kubwa, na kwamba anaandika kwa ajili yake tu. Aliilinda amani hiyo hadi mahakamani: mwaka 1987 alishinda kesi iliyomzuia mwandishi wa wasifu wake kutumia barua zake ambazo hazijachapishwa.

Mwaka 2019 mwanawe, Matt, alisema anayaandaa maandishi aliyoyaacha baba yake ili yachapishwe.