Je, wajua kwa nini dawa huvikwa mafuta kabla ya kuingia mwilini?

Jamaa yangu mmoja wa Chake Chake alisikia redioni habari za "dawa za nano", akaniuliza: ndiyo kusema ni dawa kali zaidi? Nilimwambia hapana. Mara nyingi ni dawa ileile ya zamani, ila imebadilishiwa chombo cha kusafiria. Nikamwomba tuanzie jikoni.

Ukikuna nazi na kuikamua kwa kifumbu, tui la mwanzo hutoka jeupe pepepe. Weupe ule unatokana na vitone vingi mno vya mafuta vilivyotawanyika ndani ya maji, kila kimoja kimezungukwa na protini za nazi. Liache tui hilo usiku kucha, asubuhi utakuta mafuta yamepanda juu na maji yamebaki chini. Watengeneza dawa wanapambana na utengano huohuo, maana damu kwa sehemu kubwa ni maji, na dawa nyingi hazikubali kuyeyuka ndani yake.

Njia mojawapo ni kusaga. Karafuu nzima kwenye pilau hutoa harufu taratibu, lakini ikitwangwa hutoa kwa haraka, kwa sababu sehemu inayogusana na maji imeongezeka. Chukua mchemraba wenye sentimita 1 kila upande: eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Ukate wote uwe vipande vya nanomita 1, na eneo lile linafika mita za mraba 6,000, linakaribia uwanja wa mpira! Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu, ambayo huioni kwa macho, ina upana wa nanomita 7,000 hivi.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, nayo ni kuvika. Katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Uingereza, mwanasayansi Alec Bangham alikuwa akichunguza lesithini, aina ya mafuta inayopatikana kwenye kiini cha yai. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikitiwa majini zinajipanga zenyewe, mikia ikitazamana na vichwa vikielekea majini, kisha utando ule unajikunja ukawa kifuko kilichofunga maji ndani yake. Kifuko hicho kinaitwa liposomu. Dawa inayopenda maji huwekwa katikati, na inayopenda mafuta huchomekwa kwenye ukuta.

Sasa tazama amfoterisini B, dawa ya kuvu iliyogunduliwa katika miaka ya 1950. Inaua kuvu kwelikweli, lakini kwa umbo lake la kawaida huleta homa na kutetemeka, na huumiza figo. Ilipochomekwa kwenye ukuta wa liposomu zenye upana usiofika nanomita 100, madhara kwenye figo yalipungua sana, na molekuli ya dawa haikubadilishwa hata kidogo. Ikiwa imeshikwa kwenye ukuta ule, dawa haizagai ovyo kwenye damu na kushambulia seli za figo. Liposomu hizo humezwa na seli walinzi zilizojaa kwenye ini na wengu. Na hapo pana jambo la ajabu: vimelea vya kala-azar, ugonjwa unaosumbua Sudan, Ethiopia na sehemu za Kenya, hujificha ndani ya seli walinzi hizohizo. Amfoterisini huua vimelea hivyo pia, kwa hiyo dawa inapelekwa mpaka mlangoni mwa adui.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kwa wagonjwa wa VVU waliopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge vya siku 14, haikuzidiwa na dripu ya siku 7 ya aina ya kawaida katika kuokoa maisha, na madhara yake yalikuwa machache. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa mgonjwa anayeuguzwa mbali na kwao, tofauti ya dripu ya siku moja na ya wiki nzima si ndogo.

Kwenye saratani mambo hayakunyooka hivyo. Doksorubisini ya liposomu iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, ikiwa imepakwa polima inayoificha isimezwe upesi na seli walinzi. Moyo, ambao dawa hii huuumiza kwa umbo lake la kawaida, ulipata nafuu, lakini wagonjwa wengine wakaanza kuumwa viganja na nyayo. Ukibadilisha njia ya dawa, unabadilisha pia inapoumiza. Kwa hiyo neno "nano" kwenye kibandiko cha chupa peke yake halithibitishi usalama wala ubora, na mtu akikuuzia kitu kwa neno hilo tu, muulize mfamasia kwanza.

Vifuko hivi vina udhaifu wake pia. Chupa za amfoterisini ya liposomu zinatakiwa zihifadhiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hapa visiwani msimu wa kaskazi mchana hupita nyuzi 30. Chanjo za UVIKO-19 za mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), ambazo nazo zilifungwa kwenye vijichembe vya mafuta, nyingine zilihitaji barafu kali ya nyuzi 70 chini ya sifuri.

Jamaa yangu akauliza vipi kuhusu kichocho, maana watoto wa Unguja na Pemba wanakijua. Dawa yake, prazikwanteli, ni chungu, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijasambaa mwilini. Watafiti wameifunga kwenye vijichembe vya mafuta na kuijaribu kwa panya. Kwa sasa mtoto wa skuli husimamishwa kando ya ufito wenye alama, urefu wake ukasomwa, akahesabiwa vidonge vyake vya miligramu 600. Akila kwanza, dawa huingia mwilini vizuri zaidi, basi asiende skuli siku hiyo na njaa.