Matundu ya sitaha: ziba kiini kwanza, gundi baadaye

Wako wenye boti wanaoamini kwamba Ziwa Viktoria halina chumvi, hivyo sitaha ya faibaglasi haiwezi kuharibika. Ukweli ni kinyume. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi zaidi kwenye maji yasiyo na chumvi, na mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huacha sitaha imelowa siku nyingi.

Sitaha nyingi zina maganda mawili membamba ya faibaglasi yaliyoshika kiini cha balsa (mbao nyepesi sana), plaiwudi au povu gumu katikati. Fundi akitoboa ili afunge kishikio cha kamba, kisha akapaka silikoni tu, ameacha kiini wazi. Kamba ikivutwa kishikio hucheza, silikoni huachia, na maji hushuka kwa kufuata nyuzi za bolti. Balsa huyanywa na kuoza. Kwenye povu, ganda hubanduka.

Kinga ni kuzungushia tundu epoksi ngumu, yaani resini inayoganda ikichanganywa na kigandishi chake. Kwa bolti ya mm 6, toboa ganda la juu na kiini kwa biti ya mm 12, ganda la chini usilitoboe. Funga msumari uliokunjwa kwenye drili, uchimbe kiini mm 6 zaidi kila upande. Tazama vumbi linalotoka: la balsa nzima ni kavu na jeupe. Likiwa la kahawia na linanata vidoleni, simama hapo. Gonga sitaha kwa sarafu kuzunguka tundu; mlio ukiwa mzito eneo pana, ganda la juu lipasuliwe na kiini kibadilishwe. Kuziba unyevu ndani ni kuufungia uendelee kuozesha.

Kiini kikiwa kikavu, kama ganda la chini lina tundu la zamani, lizibe kwa utepe. Paka epoksi nyepesi kwenye kuta za tundu na uongeze inaponyweka. Kisha changanya nyingine na poda ya silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, uisukume kwa bomba la sindano kuanzia chini ili hewa isinaswe. Kiini cha mm 12 hutaka takriban ml 7 kwa tundu, hivyo kwa matundu manne ml 35 zinatosha. Usichanganye kopo kubwa: kwenye joto letu huchemka na kuganda kabla hujamaliza. Wala usizidishe kigandishi kama mafundi wanavyofanya kwa resini ya poliesta. Epoksi iliyozidishiwa hubaki laini. Poliesta yenyewe isitumike hapa, kwani husinyaa na haishiki mbao vizuri.

Baada ya saa 24 toboa katikati kwa biti ya mm 6, upanue kidogo mdomo wa juu ili gundi ipate pa kukaa. Futa kwa asetoni. Tumia utepe wa butili (mpira laini unaonata) au gundi ya polisalfaidi, kwa sababu silikoni huacha utando unaokataa rangi na epoksi. Weka bamba chini ya sitaha, upande wa nati, shikilia kichwa cha bolti kisizunguke, ukaze nati. Butili hukazwa kidogo kidogo kwa siku mbili tatu, hadi iache kutoka pembeni.

Upande wa nati usipake gundi: maji yakipenya, yadondoke ndani uyaone mapema.