Je, wajua kwa nini mshindi wa mabadilishano makubwa ya NBA huchukua miaka kujulikana?

Kwenye soka tumezoea usajili wa fedha: klabu inalipa, mchezaji anahama. Katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mchezaji mkubwa haendi hivyo. Timu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuchagua vijana wapya kwenye drafti ya miaka ijayo. Hiyo zamu ndiyo inayovuruga hesabu, maana siku ya makubaliano haina jina wala sura.

Tuchukue ya mwaka 2013. Nets walikuwa wamehamia Brooklyn mwaka mmoja tu nyuma wakitokea New Jersey, na mmiliki wao, bilionea Mrusi Mikhail Prokhorov, alitaka ubingwa upesi. Wakawachukua Kevin Garnett, Paul Pierce na Jason Terry kutoka Boston Celtics. Boston wakapata wachezaji kadhaa wa kujazia, na juu yake zamu za raundi ya kwanza za Brooklyn za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017.

Mbona miaka inarukaruka? NBA ina kanuni iitwayo ya Stepien, kutokana na Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyegawa zamu za timu yake mpaka ligi ikaingilia. Timu hairuhusiwi kujiacha bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo iliyofuatana. Kwa hiyo ya 2017 Brooklyn hawakuitoa. Walikubali tu ibadilishwe na ya Boston. Kanuni ilitimizwa, ila kinga yake haikuwafaa kitu.

Mwanzoni Brooklyn walionekana wajanja. Mei 4, 2014, mchezo wa saba na wa mwisho wa mtoano dhidi ya Toronto (anayetangulia kushinda michezo minne ndiye hupita), Nets wanaongoza 104 kwa 103 na sekunde za mwisho zinayoyoma. Kyle Lowry anapenya, anarusha, na mkono wa Pierce unaukuta mpira hewani. Wamepita! Raundi iliyofuata Miami wakawatoa 4-1. Garnett alikuwa ameshatimiza miaka 37 na Pierce 36. Miguu haikuwa na misimu mingine ya namna ile. Kufikia Februari 2015 wote watatu walikuwa wameondoka.

Hapa ndipo pananiuma kwa niaba ya mashabiki wa Brooklyn. NBA humfariji aliyeanguka: timu zinazofanya vibaya ndizo huchagua mwanzo kwenye drafti, ili zipate kuinuka. Nets walianguka, na faraja yao ikaenda Boston. Msimu wa 2016-17 walishinda mechi 20, wakapoteza 62, wakawa wa mwisho katika ligi nzima. Boston msimu huohuo waliongoza Kanda ya Mashariki. Zamu zikabadilishwa kama ilivyoandikwa: Boston wakapata namba 1, Brooklyn namba 27.

Si kila zamu ilizaa. Ya 2014 ilimleta James Young, ambaye hakudumu. Ya 2018 iliingizwa kwenye makubaliano ya kumleta Kyrie Irving, naye akaondoka baada ya misimu miwili. Lakini ya 2016 iliangukia namba 3, Boston wakamchagua Jaylen Brown. Ile namba 1 ya 2017 waliwapa Philadelphia, wakachukua namba 3 na zamu nyingine ya baadaye, kisha wakamchagua Jayson Tatum.

Siku Brooklyn na Boston wanakubaliana, Tatum alikuwa na miaka 15 na Brown 16. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa sekondari, mmoja St. Louis, mwingine Georgia. Hakuna mchambuzi ambaye angeweza kuwaweka kwenye mizani usiku ule, hata angekuwa hodari namna gani. Alichoweza kupima ni umri wa Garnett na Pierce, na kwa maoni yangu hapo pekee palitosha kuwatia Brooklyn hofu.

Juni 2024, miaka 11 baadaye, Boston waliwafunga Dallas Mavericks 4-1 wakawa mabingwa. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Jaylen Brown.