Shilingi 2,000 kwa kila mfanyakazi: zawadi ya Desemba inayofika nyumbani

Kila Novemba ikiingia, wenye biashara ndogo hapa Mombasa hunipigia simu na swali lilelile: "Nina wafanyakazi 15 na bajeti ya elfu thelathini. Niwape nini?" Kazi yangu ni kuwashauri waajiri wa aina hii kuhusu masuala ya wafanyakazi, na kabla sijajibu, nami huuliza langu. Umeshalipa unachodaiwa?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Ovataimu ya sikukuu, kwa kanuni za jumla za mishahara, ni malipo mara mbili. Mpishi aliyeshinda jikoni Krismasi iliyopita na hadi leo hajaona pesa zake hawezi kukipokea kikapu chako kwa moyo mkunjufu, hata ukikipamba vipi. Deni kwanza.

Deni likiisha, elfu mbili si haba. Shida ni kwamba wengi huipeleka pasipofaa. Chukua kile kikapu cha dukani kilichofungwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu. Kifungue. Kuna kopo la biskuti, jamu, juisi, pakiti ya tambi, pengine na chupa ya mvinyo, na chini kabisa karatasi zilizokunjwakunjwa ili kionekane kimejaa. Umelipia kikapu chenyewe, umelipia utepe, umelipia kazi ya kufunga. Bawabu mwenye watoto wanne akikifikisha kwake, mkewe bado atatoka kwenda kununua unga.

Kwa pesa zilezile nenda duka la jumla. Unga wa ngano huuzwa kwa beli ya pakiti 12 za kilo mbili, sukari kwa gunia, mafuta kwa katoni. Gawa mwenyewe: unga wa ngano kilo nne, mafuta lita mbili, mchele kilo tatu, sukari kilo mbili, na majani ya chai. Bei hupanda na kushuka, lakini kapu la namna hii huwa karibu na elfu mbili hiyo. Hapo umempa chapati za Krismasi, wali wa wageni na chai ya wiki nzima, vitu ambavyo familia yake ingevinunua hata kama wewe hukutoa kitu. Ndicho kipimo changu cha zawadi ndogo: je, inampunguzia mtu gharama iliyokuwa ikimsubiri?

Uliza pia anaelekea wapi. Anayesafiri bara kutoka Mwembe Tayari wiki ya Krismasi tayari anapambana na nauli iliyopanda, na mzigo wa kilo kumi unaweza kumgharimu nyongeza. Huyo mpe vocha ya supamaketi yenye tawi kwao, au mpe kapu mapema, kati ya tarehe 10 na 15, ili aliache kwa familia iliyobaki mjini.

"Si nimpe pesa tu?" Waweza, na wapo wanaozihitaji pesa kuliko unga. Lakini jua kinachotokea. Pesa taslimu inayopitia kwenye mshahara ni mapato. Itakatwa asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya ya jamii) na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na anayelipwa 30,000 kwa mwezi tayari yuko kwenye ngazi ya asilimia 25 ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Zaidi ya robo ya zawadi yako inaishia njiani. Manufaa yasiyo ya pesa taslimu hayatozwi kodi maadamu jumla yake kwa mwaka haijafika shilingi 60,000; kiwango hicho kilipandishwa kutoka 36,000 mwishoni mwa 2024. Weka risiti na orodha ya waliopokea, umkabidhi mhasibu wako.

Januari ndiyo inayoniuma zaidi. Waajiri wengi, kwa nia njema kabisa, hulipa mshahara wa Desemba tarehe 20. Unaofuata unakuja tarehe 31 Januari. Hizo ni wiki sita kwa mshahara mmoja, na katikati yake shule zinafunguliwa, watoto wanataka madaftari, sare na viatu. Ikiwa wafanyakazi wako wengi ni wazazi, gawanya bajeti: 1,200 ya chakula Desemba, 800 ya madaftari na kalamu wiki ya kwanza ya Januari. Nimewaona watu wakishukuru zaidi kwa zile daftari kuliko kwa mchele.

Hapa pwani hatuwezi kusahau kwamba nusu ya meza inaweza kuwa Waislamu. Iite zawadi ya mwisho wa mwaka, wapate wote kwa thamani ileile, na anayetaka yake ingoje Ramadhani mruhusu achague: tende, sukari, unga wa ngano wa kaimati. Mvinyo usiwemo katika kapu la mtu yeyote.

Leso kutoka Biashara Street ni zawadi nzuri na bei yake inavumilika, mradi usome jina lake kabla ya kulipa. Kuna majina ya baraka na kuna ya kumsuta jirani, na leso ya bosi itasomwa na mtaa mzima. Fulana yenye nembo ya kampuni sitaiita zawadi. Hiyo ni sare.

Na vibarua je? Anayefagia, anayelinda usiku, kijana wa kupakua mizigo siku tatu kwa wiki? Wahesabu tangu mwanzo, hata kama kila kapu litapungua kilo moja ya mchele. Kapu dogo halimvunji mtu moyo kama kusimama kando akitazama wenzake wakiitwa majina.

Mwisho, chukua kalamu. Kwenye kila kapu weka karatasi yenye jina la mtu na jambo moja alilofanya: "Asante kwa ile Jumapili uliyobaki mpaka jenereta ikatengenezwa." Kwa watu 15 ni kazi ya jioni moja, na ianze wiki hii, kwa sababu ikifika Desemba maduka ya jumla yana foleni na bei si hizi.